Galaksi za Umbo la Yai na Kiyasi Kilichokosea



Wiki chache zilizopita kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomesha hisabati skuli, aliniletea kitabu chenye picha za mbinguni. Akanifungulia kurasa mbili. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na galaksi yenye mikono iliyojisokota kama maji yanayozunguka yakiingia shimoni, imejaa buluu na mavumbi meusi. Katika wa pili hapakuwa na kitu ila doa la nuru, la manjano kidogo, lenye kung'aa katikati na kufifia pembeni, limevutika kidogo kama yai. Akaniambia: "Maalim, hii ya kwanza ina mengi ya kusimulia. Hii ya pili haina khabari yoyote."

Nikamjibu kwamba wakubwa kuliko yeye waliidhania hivyo hivyo, na wakakaa na kosa lao kwa miaka karibu hamsini. Maneno haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa kila apendaye kujua.

Galaksi ni jamii kubwa ya nyota zilizoshikamanishwa na nguvu ya mvutano. Jua letu ni moja katika mabilioni ya nyota za galaksi yetu, ambayo usiku tunaiona kama utepe mweupe uliokata mbingu. Zile za umbo la yai huitwa duaradufu. Hazina mikono, gesi baridi ndani yake ni haba, nyota zake nyingi ni kongwe zenye kuelekea wekundu, na kuzaliwa kwa nyota mpya humo ni jambo la nadra. Na usidhani kuwa ni wanyonge. Galaksi kubwa kabisa zinazojulikana ni za aina hii.

Khabari yenyewe inaanzia kwetu, ijapokuwa si kwa namna wanavyopenda kuisimulia baadhi ya vijana wetu. Abdulrahman al-Sufi, aliyezaliwa Ray mwaka 903 na kufariki mwaka 986, aliandika kiasi cha mwaka 964 kitabu chake cha sura za nyota, naye akihudumu chini ya mfalme Adud al-Dawla. Humo akataja doa kama la wingu katika nyota za Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, ambazo Wazungu huziita Andromeda. Hiyo ndiyo khabari ya kale kabisa iliyotufikia ya galaksi iliyo nje ya yetu, ukiacha mawingu mawili ya kusini. Basi hutokea mtu akasimama kwenye mimbari akasema kwamba al-Sufi aligundua galaksi. La! Al-Sufi hakujua kuwa lile doa ni galaksi, wala hakudai. Fakhari yake ni nyingine, na mimi naiona kubwa zaidi: alikichukua kitabu cha Ptolemy, akatoka nje usiku, akaipima nyota moja moja kwa jicho lake, na palipokosewa kiasi cha mng'aro akasahihisha. Aliwalaumu walionakili vitabuni bila ya kutazama mbingu. Sifa hii tuishike, maana tutaihitaji hapa mbele.

Ubavuni pa doa lile la al-Sufi pana doa dogo la pili ambalo jicho tupu haliwezi kuliona. Mfaransa Guillaume Le Gentil aliliona kwa darubini mwaka 1749. Leo linaitwa M32, nalo ni galaksi ya umbo la yai, jirani yetu, umbali wa kiasi cha miaka milioni 2.5 ya nuru. Mfaransa mwengine, Charles Messier, aliyekuwa akiwinda nyota za mkia, akatunga orodha ya madoa yasiyokwenda ili yasimpotezee wakati. Na mwaka 1781 akaandika ndani yake doa la 87, lililoko upande wa buruji ya Sumbula. Hilo M87 sasa tunajua kuwa ni jitu la galaksi. Messier alilihesabu katika vitu vya kuepukwa.

Miaka ikapita hadi 1923, pale Mmarekani Edwin Hubble, kwa darubini ya mlima Wilson huko California, alipoona ndani ya doa la al-Sufi nyota yenye kuzidi na kupungua nuru kwa muda maalumu, na kwa nyota hiyo akapima umbali. Doa likawa si wingu la jirani bali ni jamii nzima ya nyota, mbali mno. Mwaka 1926 akazipanga galaksi kwa maumbo. Zile za yai akazipa namba kuanzia 0 hadi 7. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu, toa upana, gawanya kwa urefu, kisha zidisha kwa kumi. Yenye urefu wa 10 na upana wa 6 namba yake ni 4. Ya mviringo kamili ni 0.

Ona kwanza udhaifu uliomo. Namba hii inapima picha, haipimi kitu chenyewe. Sahani ukiitazama kwa juu utasema ni duara, na ukiitazama kwa ubavu utasema ni kijiti. Hubble mwenyewe alilijua jambo hili. Lakini lipo lililo zaidi ya hilo.

Wakati ule Mwingereza James Jeans alikuwa amekwisha piga hesabu za tonge la gesi linalozunguka na kunywea. Kwa hesabu zake, tonge huanza likiwa mviringo. Kadiri linavyonywea huzidi kasi ya kuzunguka, na kadiri linavyozidi kasi hubonyea na kuwa bapa, mpaka mwisho hutoa mikono. Hubble akaupanga mstari wake kwa utaratibu uo huo: mviringo kwanza, kisha yai, kisha bapa, kisha zenye mikono, na akaziita za kwanza "za mapema" na za mwisho "za baadaye". Alisema kuwa majina haya si ya umri. Lakini jina likishatoka kinywani halirudi. Na mpaka leo wenye fani hii huziita duaradufu "za mapema", wakati wanajua kuwa jina halina maana hiyo.

Basi ikatulia nyoyoni kuwa yai la mbinguni limebonyea kwa sababu linazunguka. Dalili yao ilikuwa nini? Ilikuwa ni kiyasi. Dunia yetu inazunguka, nayo imebonyea, hata kipenyo chake katika Ikweta kimezidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mushtara inazunguka kwa kasi zaidi, nayo imebonyea zaidi. Kwa hiyo na galaksi iliyobonyea itakuwa inazunguka.

Aliyesoma usuli ya fiqhi japo mlango mmoja ataliona kosa hapa. Kiyasi kina nguzo zake, na nguzo kubwa ni illa, yaani ile sababu inayokusanya asili na tawi. Ikiwa illa haikuthibiti katika tawi, hicho ni kiyasi pamoja na tofauti, na maulamaa wetu hawakikubali. Dunia na Mushtara ni miili iliyoshikana, chembe zake zinasukumana. Mzunguko ukizidi, kiuno chote huvimba pamoja. Galaksi si hivyo. Nyota zake hazigusani. Likadirie Jua kuwa punje ya mchanga ya milimita moja, umeiweka Mombasa: nyota iliyo karibu nayo zaidi utaiweka kiasi cha Mariakani, kilomita thelathini! Nyota kama hizo hazisukumani. Kila moja inakwenda njia yake ikitii mvutano wa zote. Kwa nini basi ziwe na hukumu ya maji ndani ya chungu?

Swali hili halikuulizwa kwa nguvu, kwa kuwa jawabu lilionekana liko wazi. Na kwa kweli kulipima lilikuwa jambo gumu. Nuru ya galaksi hizi hupitishwa katika chombo kinachoigawanya rangi. Upande wa galaksi unaotujia, mistari ya nuru yake husogea kuelekea buluu, na upande unaotukimbia husogea kuelekea nyekundu. Kwa tofauti hiyo hujulikana kasi ya mzunguko. Lakini galaksi za yai pembeni mwake ni hafifu mno, na vyombo vya zamani havikuweza.

Kabla ya kufika huko lazima nimtaje Walter Baade, maana kisa chake kinanipendeza. Alikuwa Mjerumani akifanya kazi mlima Wilson. Vita vya pili vilipofika, wenzake wakachukuliwa kwa kazi za kijeshi, naye akaachwa kwa kuwa ni raia wa adui. Akabaki na darubini kubwa, na mji wa Los Angeles chini ya mlima ukawa umepunguziwa taa kwa ajili ya vita, hivyo mbingu zikawa nyeusi kuliko kawaida. Kwa vioo vya picha vyenye kuhisi nuru nyekundu akaweza, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1944, kuzipambanua nyota moja moja za M32 na za kitovu cha Andromeda. Zikaonekana ni nyota nyekundu kongwe. Hapo ikabainika kuwa galaksi ya yai si tonge la gesi linalosubiri kuzaa mikono. Ni kundi la wazee.

Ule mpango wa Jeans ukaanguka, lakini dhana ya mzunguko ikabaki imesimama kwa miaka thelathini mingine. Dhana zina tabia hii: huondoka sababu yake, zenyewe zikabaki.

Mwaka 1975 Wataliani wawili, Francesco Bertola na Massimo Capaccioli, walipima mzunguko wa galaksi iitwayo NGC 4697, ambayo imebonyea sana, namba yake ni 6. Kasi waliyoikuta haikutosha kuibonyeza kiasi hicho. Mwaka 1977 Garth Illingworth akatoa vipimo vya galaksi kumi na tatu, na zilizo nyingi zikasema neno lile lile. Zinazunguka kidogo tu. Nyengine kubwa kubwa ni kama hazizunguki kabisa, na ilhali zimevutika!

Ni nini basi kilichozivuta? Mwingereza James Binney alilieleza mwaka 1978, na mimi nitalisema kwa mfano. Tazama kundi la nyuki lililo hewani. Kundi zima halizunguki, lakini kila nyuki anakwenda na kurudi. Ikiwa nyuki wengi wanakwenda mbali zaidi kwa upande wa mashariki na magharibi kuliko kwa juu na chini, kundi utaliona limerefuka mashariki na magharibi, bila ya kuzunguka. Galaksi kubwa za yai ziko hivyo. Nyota za katikati ya M87 zinapishana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa kila nukta moja ya saa, huku na huku, bila ya mkondo mmoja. Na si lazima ziwe na umbo la sahani nene wala la yai la kweli. Huenda urefu, upana na kimo vyote vitatu vikawa mbalimbali. Umbo limetokana na namna nyota zinavyopishana, na namna hiyo haionekani katika picha.

Hapa ndipo lilipozaliwa swali lililo kubwa zaidi: nani aliyezivuruga nyota hizi namna hii? Kwa sababu gesi inaponywea kwa utulivu huwa sahani inayozunguka, kama galaksi yetu. Ili upate kundi la nyuki hapana budi kitu kiwe kimelivuruga.

Rai ya kwanza ilisema kuwa zilizaliwa hivyo: wingu kubwa liliporomoka kwa haraka mwanzoni mwa ulimwengu, nyota zikazaliwa papo hapo kabla gesi haijapata nafasi ya kutulia ikawa sahani. Richard Larson alipiga hesabu za namna hiyo katika miaka ya sabini, na wengi wakaridhika nazo. Rai ya pili ililetwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Alar na Jüri Toomre, watu wa asili ya Estonia waliokimbia vita wakiwa watoto wakakulia Marekani. Mwaka 1972 walionyesha kwa kompyuta kwamba galaksi mbili za sahani zikipitiana karibu, mvutano wa kila moja huichana nyengine na kuitoa mikia mirefu; na kwa hesabu hizo wakazitengeneza sura za jozi zinazoonekana kweli mbinguni. Mwaka 1977 Alar akaenda mbele zaidi. Akaorodhesha jozi kumi na moja zilizoko katika hali mbalimbali za kugongana na kuungana, akakisia mikia yao hudumu muda gani, akapiga hesabu ya ajali zilizokwisha pita tangu mwanzo, na akakuta kuwa mabaki yake yanakaribia idadi ya galaksi za yai zilizomo katika orodha. Yaani: duaradufu ni kaburi la galaksi mbili.

Walimpinga sana, na hawakumpinga kwa inda. Walisema kwamba galaksi za yai zina vishada vya mviringo vya nyota vingi kuliko za sahani, basi zikiungana mbili vile vya ziada vitatoka wapi? Tena vitovu vyake vimesongamana kuliko vya sahani. Hizi ni hoja za haki, na zilidai jawabu.

Jawabu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 1980 David Malin na David Carter, huko Australia, waliikuza nuru hafifu katika vioo vya picha wakaona kuzunguka galaksi za yai, zilizodhaniwa laini kama maziwa, matao ya nuru mfano wa magamba ya kitunguu; na wenye hesabu wakaeleza kuwa hayo ni mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa. Mwaka 1982 Mswisi François Schweizer akaichunguza NGC 7252, iliyoko upande wa buruji ya Dalu. Nje ina mikia miwili ya ajali, lakini ndani nuru yake imekwisha pangika kama ya duaradufu kamili. Alikuwa ameikuta maiti kabla haijafunikwa. Na mwaka 1993 ile darubini ya angani iliyopewa jina la Hubble ikaonyesha ndani ya NGC 7252 hiyo hiyo vishada vichanga vya nyota, kiasi cha arubaini. Basi vishada vya ziada huzaliwa katika ajali yenyewe, pale gesi za pande mbili zinapogongana. Nyota hazigongani, nimekwisha kukueleza umbali wake; gesi ndiyo inayogongana, ikaporomoka kitovuni na kukisonga.

Rai ya kwanza nayo haikufa. Kwa vyombo vipya, vinavyopima kasi ya nyota katika kila kipande cha picha, galaksi 260 zilizo karibu zilichunguzwa, na mwaka 2011 matokeo yakatoka: 224 katika hizo zinazunguka kwa mpango, na 36 ni za polepole. Kumbe nyingi tulizoziita za yai, khasa zilizo ndogo, ni sahani nene tulizozitazama kwa juu! Jeans na Hubble hawakukosa kila kitu. Walikosa kwa kuwapa wote hukumu moja. Zile kubwa mno, za kitovu cha makundi, ndizo zile za nyuki zilizovurugwa.

Na kwa kutazama mbali, ambako ni kutazama zamani, zilionekana galaksi nzito zilizokwisha acha kuzaa nyota kiasi cha miaka bilioni kumi iliyopita, nazo ni ndogo sana kwa kimo kuliko za leo. Basi wengi sasa wanasema kwamba mambo ni mawili kwa zamu: kwanza kiini huzaliwa kwa haraka, nyota zake zikiumbika ndani kwa ndani, kisha kwa mabilioni ya miaka hukua kwa kumeza wadogo, ambao nyota zao hukaa pembeni. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilisaidia kuthibitisha moja iliyokuwa imekwisha nyamaza wakati ulimwengu una umri wa miaka bilioni 1.25 tu, jambo ambalo bado linawaumiza vichwa wenye hesabu.

Kwa nini hunyamaza, hilo nalo lina kisa. Katika kitovu cha M87 limo shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6.5, ambalo kivuli chake kilipigwa picha iliyotolewa Aprili 2019. Mstari wa nuru unaotoka humo aliuona Heber Curtis mwaka 1918 bila ya kujua ni nini. Nguvu za namna hiyo hupasha moto gesi iliyoizunguka galaksi na kuizuia isipoe. Na gesi isipopoa hakuna nyota.

Yule kijana wangu aliponisikiliza mpaka hapa alirudi kwenye ule ukurasa wa pili akautazama kwa muda. Kisha akaniuliza: "Na sisi, Maalim? Galaksi yetu itabaki na mikono yake?" Mwaka 2012 vipimo vilisema kwamba galaksi yetu na Andromeda zitagongana baada ya kiasi cha miaka bilioni nne na mwisho kuwa duaradufu moja. Mwaka 2025 wengine wakahesabu upya, wakiingiza majirani wadogo na shaka zilizomo katika vipimo, wakapata kuwa ni nusu kwa nusu katika miaka bilioni kumi ijayo. Nikamwambia hivyo.

Ama ile M32, doa dogo la ubavuni, wawili katika wanafalaki walitoa rai mwaka 2018 kuwa ni kiini kilichobaki cha galaksi kubwa ambayo Andromeda iliimeza kiasi cha miaka bilioni mbili iliyopita. Wengine hawajaikubali rai hiyo. Kijana wangu ameazima darubini kwa rafiki yake, na tumeahidiana kupanda darini siku za giza la mwezi, tumtafute kwanza Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, kisha doa la al-Sufi, kisha lile jengine.